Ngazi Hamsini na Nne

2 Februari

Kwa Dada Mkasi, mkata vitambaa asiye na mpinzani,

Salamu hizi nazirusha kutoka ghorofa ya sita, zikikufikia zimechoka usizilaumu. Mimi mzima kama ukuta mpya. Zamani rangi ilikuwa inanirukia usoni, siku hizi inaishia kwenye nywele tu, maana yake nimepanda cheo.

Barua yako kaniletea dereva wa lori la rangi, umeikunja mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu mwandiko wako ni wa sisimizi, mara ya pili kwa sababu sikuamini, mara ya tatu kwa sababu mafundi wenzangu walitaka kusikia.

Yaani karakana yenu ya sare inahamia ghorofa ya tatu tarehe mosi Aprili, jengo halina lifti, na huyo Msimamizi kasema mbele ya watu kwamba asiyefika mezani kabla ya kengele, meza yake anapewa mwingine? Akawa anakuangalia wewe? Meza ambayo umekatia vitambaa miaka kumi na moja? Na daktari naye anataka upunguze uzito na ufanye mazoezi, huku una ule ugonjwa wenye jina refu kama treni ya mizigo, fibro-sijui-nini, unaouma mwili mzima na kwenye vipimo hauonekani?

Dada, futa machozi. Kama hukulia, lia kidogo halafu ufute. Umempata kocha.

Usicheke. Mimi napanda ghorofa sita na ndoo ya rangi kila mkono, na mluzi napiga. Fundi Mkuu, ambaye hajamsifu mtu tangu azaliwe, juzi aliniangalia akasema "Hm." Kwake hiyo ni hotuba.

Programu yako hii hapa, ibandike ukutani. Asubuhi ruka kamba mara mia mbili. Kisha kimbia mpaka sokoni na kurudi. Jioni nenda kwenye hilo jengo jipya, panda ngazi zote hamsini na nne, mara nne. Sukari marufuku. Kulala mchana marufuku. Maumivu yakija, yafokee.

Miezi miwili tu, Mama atakufungulia mlango akuulize wewe ni nani na umekuja kwa nani.

Nduguyo,
Kocha Domo

8 Februari

Kwa Domo, kocha aliyejiteua mwenyewe,

Barua yako nakurudishia pamoja na hii, makosa kumi na sita, yote kwa kalamu nyekundu. Tulikubaliana uniandikie badala ya kupiga simu ili mkono wako usisahau ile shule uliyoikimbia darasa la sita. Naona mkono umekumbuka mengi, isipokuwa nukta.

Sasa sikiliza, maana nimechoka kuwaeleza watu na wewe nakueleza mara moja tu. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Maumivu hayana makazi. Leo yako mabegani, kesho kwenye nyonga, keshokutwa ngozi yenyewe inauma nguo ikiigusa. Siku nyingine kichwa kinajaa ukungu, natafuta mkasi dakika tano na mkasi ninao mkononi. Vipimo vyote vinasema mzima. Kwa hiyo karakanani wananiita Malkia, kwa sababu eti napenda kiti.

Na daktari hakusema nikimbie popote. Alisema dakika kumi za kutembea, polepole, kila siku, siku nzuri na siku mbaya sawasawa, halafu nijinyooshe viungo baada ya kuoga maji ya moto. Nikizoea, niongeze dakika moja moja. Soda niache, mkate nipunguze. Nina kilo tisini na moja, na kila moja ikitoka, magoti yatanishukuru.

Nimeanza jana. Mpaka kona ya kinyozi na kurudi. Kinyozi alitoka nje kuuliza kama kuna msiba.

Lakini asante, Domo. Nasema kweli. Wengine wote wananipa pole. Wewe umenipa programu.

Dada yako,
Mkasi

15 Februari

Dada Mkasi,

Dakika kumi? Dakika kumi mimi natafuta kiatu!

Daktari kasoma, sikatai, ana vyeti mpaka chooni. Lakini je, kapanda ngazi na ndoo? Hajapanda. Kwa hiyo sikiliza aliyepanda. Siku ukiamka unajisikia vizuri, usiichezee siku hiyo. Hiyo ndiyo ya kufanya yote, ya jana ambayo hukufanya, ya leo, na ya kesho uwe umeyatanguliza. Siku nzuri ni kama ndoo iliyofunguliwa, usipoimaliza inaganda.

Halafu kuna habari. Kwenye ukuta wa stoo yetu nimechora chati yako. Nimeandika juu kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: KILO ZA DADA. Kila lori likija, mafundi wote wanakaa juu ya ndoo kungoja matokeo kama ya mpira. Mpiga plasta ana domo kuliko mimi, kasema, "Mgonjwa huyo, hafiki hata ghorofa ya kwanza." Nikamwambia, "Humjui dada yangu. Akitaka kupita, ukuta unampisha." Stoo nzima ikapiga makofi.

Kwa hiyo usiniaibishe. Lete namba.

Kocha wako, na wa kimataifa siku si nyingi,
Domo

1 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za kazi? Sisi huku wazima.

Jumatatu niliamka najisikia vizuri sana. Nikafuata programu yako yote. Ngazi hamsini na nne nilizipanda mara nne.

Kilo sasa ni themanini na saba. Waambie mafundi.

Mama anakusalimu. Usiwe na wasiwasi wowote.

Dada yako

4 Machi

Dada! Dada! Dada!

Mara nne! Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya ngazi, nusura nishuke kwa kichwa. Mpiga plasta kanyamaza tangu asubuhi, mpaka tumemuuliza kama jino linamuuma. Chati nimeijaza kwa rangi ya bluu, ile ya gharama, Fundi Mkuu asijue. Kutoka tisini na moja mpaka themanini na saba, mstari umeshuka kama mtu aliyeteleza kwenye sabuni.

Si nilisema? Nani alisema? Mimi nilisema! Nikistaafu rangi nafungua chuo, mlangoni naweka picha yako, ya kabla na ya baada.

Sasa tuongeze. Mara nne imekuwa rahisi, fanya mara sita.

Kitu kimoja tu kimenishangaza. Barua yangu hukuirudisha, na hukunisahihisha hata kosa moja. Au ndiyo nimeshajua kuandika?

Kocha Domo, moto wa kuotea mbali

8 Machi

Wewe Domo,

Ni mama yako. Dada yako hajui kama nakuandikia, kwa hiyo domo lako hilo lifunge.

Yuko kitandani siku ya kumi na mbili leo. Jumatatu ile alirudi anaimba. Aliniambia, "Mama, nimepanda mara nne, mwambie Domo." Nikamwambia keti basi ule, akasema hasikii hata njaa, kwa furaha. Kesho yake hakuweza kushika kikombe. Nimemchana nywele mimi, na kila nikigusa kichwa anauma meno. Ile barua fupi uliyopata aliiandika saa nzima, amelala ubavu.

Kilo themanini na saba ni uongo. Mizani iko chini ya kitanda, imeota vumbi. Programu yako, ile aliyoinakili kwa mkono wake, nimeibandua ukutani nikawashia jiko, imewaka vizuri.

Msimamizi wake nimempelekea karatasi ya daktari. Aliishika kwa vidole viwili kama nepi.

Nilikuzaa mimi, na najua mdomo ndio uliotangulia kutoka. Sikuandikii ili nikukaripie, ingawa nakukaripia. Nakuandikia kwa sababu zimebaki wiki tatu, na tangu juzi anasema hiyo meza wampe tu mtu mwingine. Maumivu nimeyazoea kuyaona kwake. Hilo neno sijawahi kulisikia.

Mwandikie. Na usimwandikie upuuzi.

Mama

11 Machi

Dada,

Kocha amefukuzwa kazi. Nimemfukuza mimi mwenyewe, hata mizigo yake nimeirusha nje.

Usiniulize nani kaniambia. (Ni Mama. Usimwambie nimesema.)

Sijui kuomba radhi kwa maandishi, shuleni niliondoka kabla hatujafika hapo. Acha nikueleze la kazini, utanielewa.

Wiki iliyopita nilipewa korido ya ghorofa ya nne, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Rangi inapigwa mikono miwili. Unapaka mkono wa kwanza, unauacha ukauke, halafu unapaka wa pili. Mtoto mdogo anajua. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa na nguvu za simba, barua yako ya mara nne ilikuwa mfukoni, nikasema leo naonyesha watu. Wa kwanza ukiwa bado unanata, nikapiga wa pili juu yake. Korido nzima, siku moja! Jioni iling'aa, nikaita watu waione.

Asubuhi ukuta ulikuwa na malengelenge. Ukigusa, ngozi inatoka shuka zima. Fundi Mkuu hakufoka, na afadhali angefoka. Aliniuliza tu, "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Akanipa kikwangulio. Nimekwangua siku tatu, na kwenye siku ya pili ndipo barua ya Mama ikafika. Nikakaa chini pale pale kwenye maganda, nikaona nilichokufanyia.

Mkono wa kwanza haujakauka, mimi nikakwambia paka wa pili, wa tatu na wa nne. Nikaona kusubiri ni uvivu. Kumbe ukuta unapokauka ndipo rangi inaposhika, mtu ukipita unadhani hakuna kazi inayofanyika.

Mimi sijui ugonjwa wako. Naujua ukuta tu. Rudi kwa daktari wako na dakika zake kumi, mimi nanyamaza. Lakini meza usiwape. Na nijibu kitu kimoja, kwa nini ulinidanganya? Ungenitukana tu, mimi nimezoea.

Domo, bila cheo

15 Machi

Domo,

Makosa tisa. Unapungua kuliko mimi.

Mama nimemwambia kila kitu. Anasema ukija atakutoa ulimi.

Umeniuliza kwa nini nilidanganya. Kitandani nilikuwa na muda wa kulifikiria. Tangu niugue, watu wangu wamegawanyika mafungu mawili. Kuna wanaosema naigiza, na kuna wanaonionea huruma mpaka wananimenyea chungwa. Wewe peke yako ulisema ukuta utanipisha. Ulikosea kila kitu, Domo, hesabu, mwendo, hata nukta, lakini mtu mzima ulimwandikia mtu mzima. Stoo nzima ya wanaume wenye rangi kichwani walikuwa wananingoja nishinde. Ningewaandikia kwamba mpiga plasta alikuwa sahihi? Mkono ulikataa.

Basi. Habari ndiyo hiyo, na tusirudie tena, mimi kudanganya na wewe kuwa daktari.

Nimeanza upya. Daktari alinirudisha dakika tano, nikaona aibu, nikazifanya. Jumatano nilienda kwenye lile jengo. Ngazi zimegawanyika mara tatu, kumi na nane kila ghorofa, na katikati kuna ubaraza wenye dirisha. Nilipanda kumi na nane, nikakaa kwenye ubaraza, nikashuka. Nguvu za kupanda nyingine nilikuwa nazo. Hilo ndilo gumu kuliko yote na hakuna anayelijua: kusimama ukiwa bado unaweza. Nilishuka nalia kwa hasira. Kesho yake niliamka, nikajipapasa kama mtu anayetafuta funguo, maumivu yalikuwa yale yale ya kila siku, hayakuongezeka. Nikarudi nikapanda kumi na nane tena.

Kilo ni themanini na tisa na nusu. Nimepima mbele ya Mama awe shahidi.

Chati usiifute. Futa kilo. Andika siku nilizosimama mapema.

Mkasi

22 Machi

Dada Mkasi,

Nimefuta. Sasa juu imeandikwa SIKU ALIZOSIMAMA MAPEMA, na ilileta ugomvi mkubwa. Mafundi walisema mchezo gani huu, mtu anashinda kwa kuacha? Nikawapanga juu ya ndoo nikawaeleza yote, pamoja na ile namba ya uongo, pamoja na jinsi nilivyokuangusha. Nikajua mpiga plasta atanimaliza leo. Akainuka, akachukua brashi mkononi mwangu, akasema, "Mama yangu alikuwa hivyo. Sisi tulimwita mvivu mpaka anakufa." Akachora alama ya siku ya saba yeye mwenyewe. Tangu hapo mtu mwingine haruhusiwi kugusa brashi hiyo.

Sasa, mpango. Ruhusa nimeshaomba. Tarehe mosi nakuja. Nakungoja mlangoni, nakubeba mgongoni ngazi zote, nakuketisha mezani, nageuka, Msimamizi abaki mdomo wazi. Kilo themanini na tisa kwangu ni ndoo nne na chenji. Nimeshafanya mazoezi, nimembeba fundi umeme mpaka ghorofa ya pili akiwa anapiga kelele.

Domo, mnyanyua vizito

25 Machi

Domo,

Ukitokea hapo mlangoni nitakupita kama sikujui. Ukinigusa nitapiga yowe kwamba nimevamiwa.

Ukinibeba siku ya kwanza, siku ya pili nani atanibeba? Kaa huko huko na rangi yako.

Nina mpango wangu. Nimeenda kwa Msimamizi, bila karatasi ya daktari, na mkasi wangu mfukoni ili nijikumbushe mimi ni nani. Nikamwambia, "Mlango ufunguliwe nusu saa kabla. Na mezani naweka kiti kirefu, nakata nikiwa nimekaa."

Akasema, "Wakataji wote wanasimama."

Nikamwambia, "Wakataji wote wanapoteza kitambaa. Pima mabaki yangu, pima ya wanaosimama."

Akapima, Domo. Mbele yangu. Akaweka mabaki yangu kwenye kiganja kimoja, ya wenzangu yakahitaji kapu. Akakuna shingo, akasema, "Kiti lete. Lakini kengele ni kengele. Siku ukichelewa, sitaki maneno."

Sasa napanda thelathini na sita, nikikaa katikati. Bado sijazipanda zote tangu ile Jumatatu. Zimebaki siku saba na sitaongeza haraka.

Mkasi

1 Aprili

Dada,

Ni asubuhi na mimi niko juu ya ndoo tu, Fundi Mkuu kaniona na kanipita kimya. Umefika? Umefika kabla ya kengele? Wote wananiuliza mimi, kana kwamba ngazi ziko hapa kwangu. Mpiga plasta kachora mraba mkubwa kwenye chati na kauacha mtupu.

Lori linaondoka sasa hivi. Dereva kaapa atakungoja mlangoni mpaka umpe jibu. Andika neno moja tu. Hata bila nukta.

Domo

3 Aprili

Domo,

Dereva alikuja tarehe mosi jioni, nikamrudisha mikono mitupu. Alinung'unika sana, mwambie anisamehe. Ningempa neno, lakini neno la siku hiyo halikuwa na uzito. Nakueleza.

Tarehe mosi niliingia jengoni nusu saa kabla ya kengele. Kumi na nane, nikakaa kwenye ubaraza wa kwanza. Wenzangu wakaanza kunipita, viatu tu na harufu ya sabuni. Mmoja akasema, "Malkia kashaketi." Nikamwambia, "Piga magoti basi." Wakacheka, yeye hakucheka. Kumi na nane nyingine, nikakaa tena. Hapo akanikuta Msimamizi, anahema kuliko mimi, ameshika ukuta.

"Umeshindwa?" akaniuliza.

"Napumzika."

"Kengele imekaribia."

"Najua. Hivi ndivyo ninavyopanda."

Akasimama pale, nadhani alitaka kuondoka lakini pumzi zilimkatalia. Akaketi. Tukaangalia dirishani, yeye na mimi. Kisha nikainuka, nikapanda kumi na nane za mwisho. Nilikaa kwenye kiti changu dakika sita kabla ya kengele, na yeye alifika dakika nne kabla.

Najua hapo umeshaanza kurusha brashi hewani. Lakini ngazi hizo niliwahi kuzipanda mara nne, Domo, kwa siku moja, nikiimba. Kupanda siku moja hakukuwahi kunishinda.

Kwa hiyo usiku nililala na hofu, na sikumwambia Mama. Jana niliamka naumwa mabega na nyonga. Nikalala kwanza nikiyapima maumivu, moja baada ya jingine. Yalikuwa ya kawaida yangu. Nikaenda maji ya moto, nikajinyoosha, nikatoka. Nikafika dakika tano kabla. Jana pia sikukuandikia.

Leo nimeamka, nimekuja, nimekaa mara mbili, nimepanda. Ni siku ya tatu. Kilo ni themanini na nane na nusu, na kama mafundi wako watasema ni chache waje wazibebe wao.

Barua hii naiandikia mezani kwangu, ghorofa ya tatu, juu ya kitambaa cha sare ambacho bado sijakigusa. Chumba bado kitupu. Kengele haijalia.

Dada yako,
Mkasi